Hesabu ya Kweli

Katika mwaka 1997 watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walizamia baharini pamoja na wataalamu, ili kuchunguza afya ya matumbawe. Mpango huo, uitwao Reef Check, wadumu hata leo. Kazi yao ni nyepesi kueleza: hutandaza utepe wa meta 100 juu ya mwamba, wakahesabu samaki, kambakoche na chaza wakubwa, kisha kila nusu meta huandika kilichopo chini, kama ni tumbawe hai, mchanga au jiwe tupu.

Mara nyingi, mahali pa kambakoche, wameandika sifuri. Huko chini si rahisi kusimamia kila hesabu. Mzamiaji angeweza kuongeza wawili watatu ili safari yake isionekane ya bure. Lakini sifuri ya kweli yafaa kuliko kumi ya uongo. Maana kwa hesabu hizo mtaalamu hupima hasara, na wenye mamlaka huweza kuamua wapi pavuliwe na wapi pahifadhiwe.

Wengine watasema: kuhesabu hakuponyi. Ni kweli. Mwaka 1998 bahari ilipozidi joto, matumbawe mengi, hata ya pwani yetu, yalipauka na kufa, wala hesabu haikuyaokoa. Lakini mganga asiyeujua ugonjwa atatibu nini?

Basi nasi wazazi tujiulize: je, twawafundisha watoto wetu kusema kweli hata pasipo mwenye kuwaona? Uaminifu wa mtu haupimwi sokoni mbele ya watu. Hupimwa pale alipo peke yake.