MPIRA MMOJA TU UMECHOMOKA!

Wewe dereva wa pikapu, wewe fundi wa Sirari, Tarime au Mugumu, na wewe mama unayepanda nyuma na ndizi zako kwenda mnadani, simama kidogo usome karatasi hii. Ina habari ya roho yako, na ya shingo yako pia.

Pikapu za zamani, kama vile Toyota Hilux na Datsun za miaka ya 1970, zinatumia kabureta. Fungua boneti. Utaona mipira myembamba imetoka kwenye kabureta na kwenye manifodi. Hiyo ndiyo mipira ya vakyumu. Haipitishi petroli wala maji. Inapitisha mfyonzo! Pistoni ikishuka inavuta hewa, lakini mlango wa kabureta umefungwa karibu wote, basi ndani ya manifodi panabaki mfyonzo mkali. Mpira mmoja unaupeleka kwenye distribyuta ili plagi ziwahi kuwaka. Mwingine unavuta mvuke wa oili kutoka ndani ya injini ukachomwe. Na ule mnene unakwenda kwenye busta ya breki, kuusaidia mguu wako.

Je, mmoja ukichomoka inakuwaje? Hewa inaingia kwa njia ya wizi. Hewa inazidi, petroli inapungua. Injini inatetemeka kwenye sailensi, inamisi, inakohoa kupitia kabureta, inachemka. Ukikanyaga mafuta inatulia, nawe unasema imepona. Haijapona!

Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Mtu anachukua bisibisi, anapandisha sailensi. Mlio unakuwa mkubwa, mtetemo unajificha, pesa inalipwa, gari linaondoka. Lakini tundu liko palepale! Ndugu yangu, bisibisi haizibi tundu.

Sasa fikiri barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, inavyoshuka toka milimani mpaka bonde la Mto Mara. Nyuma kuna magunia, na juu ya magunia kuna watu. Kama mpira wa busta umechanika, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Breki zipo, lakini zinadai nguvu ambayo mguu mmoja hauna. Na wapo madereva wanaozima injini mteremkoni ati wanaokoa petroli! Injini ikizimwa, mfyonzo hauzaliwi tena. Busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, halafu basi. Je, petroli ya kibaba kimoja ina thamani kuliko mtoto wa mwenzio?

Basi fanya hivi. Usichomoe mipira yote kwa mkupuo. Chomoa mmoja, funga alama ya kitambaa au rangi pande zote mbili, ukague, urudishe, ndipo ushike wa pili. Mpira uliopasuka mdomoni, kama bado ni mrefu, kata ncha ukaubane upya. Uliokauka wote, tupa. Weka mpira mnene wa ukuta mgumu, kwa sababu ule laini unajibana wenyewe ukifyonzwa na joto likiupata. Kijibomba cha chuma kisicho na kazi kizibwe kwa kifuniko cha mpira, kisiachwe wazi.

Kujua panapovuja, washa injini usikilize sauti ya hususu. Shika kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe karibu na viungo. Au bana mpira mmoja mmoja kwa vidole. Ukiubana huu na injini ikatulia, umemkamata mwizi. Lakini usimwagie petroli kwenye injini ya moto kutafuta tundu! Wengine hufanya hivyo, na moto hauna rafiki.

Mpira wa distribyuta, uchomoe upande wa kabureta uufyonze kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Bamba la ndani lisogee na likae. Likirudi wakati umeziba, diafragamu imetoboka. Busta nayo ipime hivi: injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, acha mguu hapo, washa. Pedeli ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usibebe mtu.

Na wewe fundi mwenye geji ya vakyumu, usishtuke. Pwani injini nzima kwenye sailensi husoma kama inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini kila mita 300 ukipanda inapungua kama inchi moja. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Tarime iko juu zaidi. Sindano itulie, hilo ndilo la kutazama.

Mpendwa, Yesu alifundisha habari ya mzabibu na matawi yake (Yohana 15). Tawi halifi kwa sababu ni baya, linafa kwa sababu limekatika na shina. Mpira nao hivyo hivyo. Una nini leo kilichochomoka moyoni, nawe unapandisha sailensi ili jirani asisikie? Unaimba kwa sauti, unatoa sadaka mbele ya watu, kumbe nyumbani kuna deni ulilokana na ndugu usiyesema naye. Sauti kubwa siyo uzima! Rudi palipochomoka.

Nawe dereva, kabla hujapakia watu siku ya mnada, fungua boneti. Ni dakika kumi tu. Abiria wako hawaioni mipira hiyo, wala hawajui jina lake. Wamekaa juu ya magunia, wamekuamini. Mungu anakuona ukiwa umeinama pale peke yako. Fanya kazi hiyo kama mbele zake. Amina.