Nyumba Haina Kosa

Swali la kwanza la mtazamaji wa filamu za nyumba zenye mizimu ni lilelile: si wahame tu? "Insidious" ya James Wan ilishalijibu. Familia ya Lambert ilihama, na balaa likahama nayo. Sehemu ya pili, "Insidious: Chapter 2" ya 2013, inauliza jambo gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niirudie juzi nikiwa nyumbani Kahororo: ni haki kumficha mtoto baya lililompata, eti kwa faida yake? Kama hujaiona, nakuomba radhi, nitaharibu uhondo.

Inaanzia 1986. Josh ni mtoto, anaandamwa na mzimu. Mama yake, Lorraine, na Elise, mama anayewasiliana na mizimu, wanaamua afutiwe kumbukumbu. Josh anakua, anaoa, anazaa, hajui chochote. Halafu kile alichofichwa kinarudi na kuingia ndani yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye nguvu. Katika filamu ya kwanza tuliogopa giza la vyumba. Hapa tunamwogopa baba wa familia, tena mchana. Patrick Wilson anaiweza kweli: uso uleule, sauti ileile, ila tabasamu linachelewa kidogo. Barbara Hershey, ambaye ni Lorraine, anaubeba vizuri uso wa mama aliyedhani alimwokoa mwanawe.

Udhaifu? Inaeleza mno. Mzimu unapewa jina, hospitali, na mama katili aliyemlazimisha mwanawe wa kiume kuishi kama msichana. Ukishasomewa faili zima, hofu inageuka kesi ya polisi. Na kumfanya mwanaume aliyevaa gauni kuwa ndiye kitisho ni njia rahisi, tena inayoumiza watu wasiohusika.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni mwisho. Josh na mwanawe Dalton wanakubali kufutiwa kumbukumbu tena! Filamu nzima inatuonyesha gharama ya kuficha, halafu inaficha upya. Najua, biashara ni biashara: kazi ya dola milioni 5 iliyoingiza zaidi ya milioni 160 lazima iache mlango wazi. Deni hilo lilikuja kuguswa miaka kumi baadaye, 2023, katika "The Red Door".

Kwa nini linanigusa hivi? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walibainika huku kwetu Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni za wakati ule. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikuta nyumba zimefungwa katikati ya migomba. Tuliambiwa tusipite pale jioni, kuna kitu.

Rafiki yangu mmoja alilelewa na bibi yake hatua chache kutoka nyumba ya namna hiyo. Ilikuwa ya wazazi wake. Aliambiwa walirogwa. Ukweli aliupata akiwa sekondari, kutoka kwa mtu aliyekuwa anamtukana. Alipomuuliza bibi, alijibiwa: "Mjukuu wangu, nilitaka ulale."

Siwezi kumhukumu yule bibi. Alizika watoto, akalea wajukuu, na nje kulikuwa na watu waliowatenga watoto wa nyumba zile. Lorraine naye alitaka mwanawe alale. Ila nadhani kuna tofauti kati ya kumsubirisha mtoto hadi aweze kubeba, na kumfutia kabisa. Kusubirisha ni malezi. Ukimfutia, unamwachia mtu mwingine amwambie, na huwezi kuchagua atakuwa nani.

Kwetu marehemu huzikwa kibanjani, karibu kabisa na mlango, na hakuna anayesema nyumba hiyo ina mizimu. Tunapanda maharage hapo, watoto wanacheza. Ile nyumba ya rafiki yangu haikutisha kwa sababu ya makaburi yake. Ilitisha kwa sababu kila mkubwa alishusha sauti akiipita.

Mwaka juzi aliifungua, akaiezeka upya, akahamia. Mwanawe mkubwa ana miaka sita na ameshaanza kuuliza makaburi yale ni ya nani. Ameambiwa: babu na bibi yako. Waliugua nini, hilo bado hajauliza. Rafiki yangu anasema jibu analo, anasubiri swali tu.