Shahidi wa Nafsi Yake

Katika baraza la hukumu neno la mtu juu ya nafsi yake halina uzito wa neno la jirani yake. Kanuni hii ni njema. Lakini pana kitu katika elimu ya nuru ambacho hakina jirani, na wapimaji wake walilazimika kuuliza kama mshitakiwa aweza kuwa shahidi.

Kitendo hupimwa kwa kitendo kilicho kifupi zaidi. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alionyesha kwato zote nne za farasi zikiwa hewani, kwa sababu jicho la kamera yake lilifumba upesi kuliko mwendo wa mguu. Leza zilizofuata ile ya kwanza ya mwaka 1960 zilizaa mapigo ya nuru mafupi mno, hata vyombo vya umeme vikawa kama kobe mbele yake. Baadaye yalihesabiwa kwa femtosekunde, muda ambao nuru yenyewe, isiyo na mshindani wa mbio, huenda milimita 0.0003 tu.

Basi pigo lilipimwa kwa pigo lile lile. Hugawanywa nusu mbili. Moja hucheleweshwa kwa kusogeza kioo, kisha hukutanishwa ndani ya fuwele itoayo nuru ya rangi mpya zinapofika pamoja. Kioo kikirudi nyuma milimita 0.15, nusu ile huchelewa femtosekunde 1000. Muda usioshikika hugeuzwa umbali ushikikao.

Hila hii ni nzuri, ila ushahidi wake una kasoro. Pigo lianzalo ghafula na kufifia polepole hutoa picha sawasawa na ya pigo lianzalo polepole na kufa ghafula. Tena kuna kasoro mbaya zaidi: fujo ndefu ya nuru, yenye vilele visivyo na mpango, huchora katikati ya picha ncha nyembamba, maana hata fujo hufanana na nafsi yake. Katika miaka ya 1960 baadhi ya wapimaji waliisoma ncha hiyo kuwa pigo fupi. Chombo hakikusema uongo. Walioharakisha ni wale waliosadiki walichokitamani.

Kwa hiyo kosa halikuwa kumsikiliza shahidi wa pekee, bali kumwuliza swali moja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rick Trebino na Daniel Kane waliongeza la pili: nuru itokayo katika fuwele ina rangi zipi kwa kila kiasi cha kuchelewa? Kutokana na majibu hayo umbo la pigo hutafutwa kwa hesabu, kisha hesabu huchora upya picha na kuilinganisha na iliyopimwa. Zisipopatana, yamkini mapigo yaliyopimwa hayafanani.

Hata hivyo, njia hii itumiapo fuwele ile, mbele na nyuma ya pigo hubaki fumbo. Hapo mpimaji hulipitisha pigo katika bamba la kioo ambalo athari yake aijua tangu zamani, akapima mara ya pili.