Je, Meza ya Zamani Ina Mwenyewe?

Nilipohamia chumba cha kupanga Nateete, karibu na barabara ya Masaka, kitu cha kwanza nilichokikosa ni mahali pa kuweka kikombe. Nilihitaji meza ndogo ya kukaa kando ya kiti, ile ambayo wengi huiita stuli. Maseremala wa Ndeeba, jirani zetu, wanazo mpya kila siku, lakini zile za bei ninayoimudu zimeundwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Chai ikimwagika mara mbili, pembe zinavimba kama mkate. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nikaamua kukikwepa kidonda, nikatafuta ya zamani.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja anayekarabati samani kuukuu. Alinionyesha kimeza cha mvule chenye droo moja, akanifundisha kukitazama. Nivute droo nione kama mbao za pembeni zimeumana zenyewe bila msumari. Nikiinue, maana mvule ni mzito. Nichungulie chini ya ubao, kwa sababu mvule huanza na rangi ya manjano ukakolea hudhurungi miaka inavyopita, na anayepaka rangi ili kudanganya mara nyingi husahau mafichoni. Kimeza kilifaulu kote. Nilipokipindua, nikaona maandishi ya penseli yaliyofifia, kwa herufi za Kigujarati.

"Hayo yasikusumbue, mwanangu," mzee akasema. "Nitapiga msasa kidogo, yataondoka. Wateja hawayapendi."

Nilimwomba asubiri. Swali ninalolijadili hapa lilianzia kwenye ule msasa.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Makumi ya maelfu waliondoka na fedha kidogo na mizigo michache, na meza haiingii kwenye sanduku. Majumba na maduka yao yaligawiwa, mengi yakaangukia mikononi mwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na utawala. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Kampala ikaporwa tena, na vilivyokwisha kuporwa vikapata waporaji wapya. Sheria ya 1982 iliwafungulia wenyewe njia ya kudai mali zao, na katika miaka ya 1990 majengo mengi yalirudishwa. Lakini jengo lina hati. Nani ana hati ya stuli? Mali bila daftari hupotea bila habari, na samani za sebuleni hazikuwahi kuwa na daftari.

Huenda kimeza changu hakikuporwa. Huenda kiliuzwa kwa haki miaka kabla ya hapo, au mwenyewe alimwachia mpishi wake siku ya kuondoka. Lakini kama nisingekuwa na shaka yoyote, ule msasa usingenishtua.

Nilimweleza mama mwenye nyumba wangu, ambaye sote tunamwita Jaja. Alikuwa msichana mwaka ule. Alicheka kwanza, kisha akasema: "Baba yangu alimfanyia kazi Mhindi miaka tisa, hakuwahi kuambiwa akae kwenye kiti cha sebuleni. Leo nimlilie meza yake?" Sikuwa na jibu pale pale, na naona ni haki msomaji ajue kwamba maneno hayo yaliniuma kuliko hoja yoyote niliyosoma darasani. Baadaye nilimuuliza: baba alipata nini walipoondoka? Akanyamaza kidogo. Hakupata hata stuli. Alipoteza kazi, na nyumba ile akaingia askari. Kwa hiyo dhuluma ya kwanza ni ya kweli, lakini ya pili haikuilipa. Ilibadilisha tu mkaaji wa kiti.

Mzee muuzaji yeye anaamini kitu kikipita mikono mingi kinatakasika. Sidhani. Mikono mingi inafanya iwe vigumu kumpata mwenyewe, haifanyi asiwepo. Naona nafuu zaidi katika fikra ya fiqhi ya Kiislamu kuhusu mali iliyookotwa: aliyeiokota huitangaza mwaka mzima, kisha anaweza kuitumia, lakini mwenyewe akitokea bado anayo haki yake. Yaani kutumia kunaruhusiwa, kusahau hakuruhusiwi. Ndiyo maana nililipa bei kamili na kukataa msasa. Kufuta maandishi kungekuwa kufuta tangazo.

Mwanafunzi mwenzangu aliniambia huo ni uadilifu wa bei rahisi: meza nimepata, na dhamiri nimeituliza kwa penseli ya mtu mwingine. Kuna ukweli. Ila angalia lugha hii tunayoisomea. Wazee wengi hapa waliisikia kinywani mwa askari waliowavunjia milango, na mwaka 1973 Amin huyo huyo aliitangaza kuwa lugha ya taifa. Hatukuiacha kwa sababu hiyo. Lakini mwalimu anayeifundisha Kampala bila kuitaja historia hiyo naye anapiga msasa. Sisi wapenzi wa vitu vya kale tuna ulafi wa namna yake: tunataka umri wa kitu, mng'ao wake na mikwaruzo yake mizuri, bila watu waliokikwaruza.

Kimeza kiko kando ya kiti changu. Jaja alikuja Jumapili, akaweka kikombe chake juu yake, akapitisha kidole kwenye ukingo, akasema mbao za siku hizi si kitu. Maandishi nimeyapiga picha. Katika duka moja la vitambaa mjini yupo mama anayesoma Kigujarati. Picha ina wiki tatu kwenye simu yangu, na kila nikipita dukani kwake naona kuna wateja wengi mno.