Pembe Nne za Godoro

Katika Marko 2, yule aliyepooza alifikishwa kwa Yesu na watu wanne. Mmoja peke yake hangeweza.

Mwezi uliopita dada mmoja alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wake ana selimundu, maumivu yamerudi, na siku zake 21 za likizo zimeisha. Sheria ya kazi inampa ruhusa ya ugonjwa akiugua yeye, si mtoto. Nikamwambia, "Tutaomba, dada." Nikarudi kulala. Ndugu zangu, Roho Mtakatifu hakuniacha nilale.

Nilisomea biashara, ratiba ya zamu najua kupanga. Sasa watu wanne wa ushirika wanapokezana kukaa na mtoto mama akiwa kazini, mimi nikiwa na Alhamisi. Ukutani tumebandika: anywe maji mengi, asipigwe na baridi; akipata homa au akipumua kwa shida, hospitali mara moja.

Yesu aliiona imani ya waliobeba. Maombi tuendelee nayo, lakini wiki hii muulize jirani yako: pembe gani haina mtu? Ishike. Amina.