Kujifunza Kushuka

Somo: Matendo ya Mitume, mlango wa 27



Sisi wa Manyovu twakaa juu ya milima. Mtu akisimama kwetu huona kilima nyuma ya kilima mpaka nchi ya Burundi, na migomba na mibuni imepandwa katika matelemko. Eropleni ikipita juu yetu watoto hukimbia wakiipungia mikono. Lakini mtu mzima aitazamapo nchi hii hujiuliza neno jingine: Injini ikizimika hapa, rubani atashuka wapi? Swali hilo na tulichukue mioyoni mwetu mwezi huu, maana kila mmoja wetu atashuka siku moja, na wengi hatujajifunza.

Vijana wanaojifunza urubani huanza na ndege ndogo ya injini moja, yenye viti viwili au vinne. Chuo kimoja cha kazi hiyo kilianzishwa Soroti, katika Uganda, mwaka 1971, kwa ajili ya nchi zetu tatu za Afrika Mashariki. Twaweza kudhani kwamba neno kubwa wanalofundishwa ni kupanda juu. Sivyo. Kupanda ni kwepesi. Kazi iliyo ngumu ni kushuka, na kuliko yote ni kushuka mahali ambapo hukukusudia.

Kabla ya kuondoka mwanafunzi huchota mafuta kidogo kutoka tangini, huyatia katika kikombe kinachopenya nuru, na kuyatazama. Kama maji yameingia, huonekana chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Hapo huchota tena na tena mpaka yaishe, maana maji machache yatosha kuinyamazisha injini hewani.

Kisha, wakiisha kuwa juu, mwalimu huipunguza nguvu ya injini pasipo kutoa onyo, humwambia mwanafunzi kwamba injini imekufa. Moyo wa mwanafunzi wataka kuiinua pua ya ndege, aikimbie ardhi. Naye hufundishwa kuiinamisha, kwa sababu mbawa huchukuliwa na mwendo, na mwendo ukipungua mno mbawa haziwezi tena kuibeba ndege. Akitii, ndege ndogo iliyo juu mita 1000 yaweza kuteleza hewani karibu kilometa 9 bila injini, kama upepo hauipingi. Basi muda upo, ingawa ni mfupi. Katika muda huo huchagua shamba, huuangalia upepo, hutangaza hatari yake kwa redio, hufunga mafuta, na hulegeza mlango usije ukakwama. Tena hujihadhari na mahali panapodanganya macho: mtu aonaye mbuga za Malagarasi kutoka juu hudhani ni uwanja wa majani mabichi, kumbe chini yake ni maji na matope.

Liko neno moja linalokazwa kuliko mengine. Injini ikizimika mara tu baada ya kuondoka, ndege ikiwa bado chini, rubani asigeuke nyuma. Uwanja mzuri u nyuma yake, na macho yautamani. Lakini katika kule kugeuka hupoteza mwendo na kimo, na wengi wamekufa wakiurudia uwanja walioutoka. Yampasa ashuke palipo mbele yake, hata kama ni vichakani, na kuiacha ndege ivunjike ili watu wapone.

Sasa na tuifungue Biblia. Paulo alikuwa mfungwa chomboni, naye aliwaonya wasiondoke katika Bandari Nzuri. Akida alimsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Upepo wa kusini ukavuma polepole, nao wakadhani wamepata walilolitaka. Kisha ikaja tufani. Wakatupa shehena, wakatupa na vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Jua na nyota hazikuonekana kwa siku nyingi. Ndipo Paulo akawapa habari aliyoletewa na malaika: merikebu itapotea, lakini hapana mtu atakayepotea. Wakaiendesha pwani, ikakwama na kuvunjika. Na watu wote 276 wakafika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao.

Angalieni, ndugu, jinsi Mungu alivyowaokoa. Hakukiokoa chombo. Mbao zile zile za chombo kilichovunjika ndizo alizowavusha nazo.

Jambo la namna hiyo lilionekana katika Uganda tarehe 23 Januari 1954. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuwa katika ndege ndogo pamoja na mkewe, wakiyatazama maporomoko ya Murchison. Ndege iligonga waya wa simu ya zamani, ikaharibika. Rubani akaishusha vichakani. Ndege ilivunjika, na wote watatu wakatoka hai, wakalala porini usiku ule, kisha mashua ikawafikisha Butiaba. Huko wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto katika kuondoka! Wakatoka hai tena, ingawa Hemingway aliumia sana. Aliyeokoka jana bado ana safari ya leo.

Nasi wa Manyovu tumewaona watu walioshuka palipo mbele yao. Mwaka 2015 Warundi wengi walivuka mpaka hapa petu, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu katika Kasulu. Waliacha nyumba, mbuzi na mashamba yenye mavuno. Mama alivuka na mtoto mgongoni na kitu kidogo kichwani. Hao walijua kipi ni chombo na ipi ni roho.

Lakini sisi je? Mtoto akiugua, na maombi yakionekana kukawia, wako Wakristo wanaogeuka usiku kumwendea mpiga ramli, kwa kuwa ndio uwanja walioutoka, nao wanaufahamu. Ndugu wawili wamegombania mpaka wa shamba miaka mingi. Mmoja yu karibu na kufa, wala hataki kuuachilia mkono wa chuki. Shehena ile itamzamisha. Mwingine asema, Nitatubu nikizeeka. Je, yuko rubani ajifunzaye kushuka siku ile injini inapozimika? Kwa sababu hiyo Luther alitufundisha katika Katekisimo Ndogo kwamba mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba. Kila asubuhi tuchote kidogo kilichomo moyoni, tukiinue mbele ya nuru ya Neno, tutazame kama maji yamo.

Hata hivyo na tuseme kweli yote. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya mbuga ya wanyama ya Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo iligongana na ndege kubwa kuliko hiyo, iliyotoka uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44. Ile kubwa ilirudi Wilson, wote 44 wakawa salama. Katika ile ndogo mwanafunzi na mwalimu wake wakafa wote wawili. Tusithubutu kusema Mungu aliwapenda wale 44 kuliko hawa wawili. Bwana wetu aliulizwa habari za namna hiyo, akawakumbusha mnara wa Siloamu, ulioua watu 18. Akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine, naye akawaita wasikiao watubu (Luka 13). Liko anguko lisilompa mtu nafasi ya kuchagua shamba. Hapo ustadi wa mkono haufai kitu. Lafaa lile lililotengenezwa mapema pamoja na Mungu.

Basi tutamtumaini nani? Mwalimu wa urubani, siku moja, hushuka chini na kumwacha mwanafunzi aruke peke yake. Ndiyo desturi ya kazi ile. Mwalimu wetu hatuachi hivyo. Paulo atufundisha katika waraka kwa Wafilipi kwamba Kristo, aliyekuwa juu kuliko vyote, alijinyenyekeza, akashuka mpaka mauti ya msalaba. Mwili wake ulivunjwa ili sisi tupone. Mti ule wa msalaba ndio ubao wetu, na hata asiyejua kuogelea atafika nchi kavu juu yake.

Kwa hiyo, mpendwa, injini yako ingali ikinguruma leo. Nenda kwa ndugu yako mpatane kabla ya kuijia Meza ya Bwana. Lipa deni lile. Acha kutazama nyuma. Itakapofika saa ya kushuka, nawe umekwisha kujifunza, utainamisha kichwa pasipo hofu. Maana chini yako hapana shimo tupu, bali mikono ya Yeye aliyetangulia kushuka.

Bwana atupe sisi sote kushuka kwa amani. Amina.