Kipaji cha Taifa: Wakorea, Wazungu na Wafanyabiashara wa Butembo

Je, taifa zima au kabila zima linaweza kuwa na kipaji? Swali hili ni la kale kuliko kompyuta, ila mashindano ya StarCraft kati ya Wakorea na wachezaji wa Ulaya yamelipatia ushahidi ambao wanafalsafa wa zamani hawakuupata: sheria moja kwa wote, silaha sawa mezani, na matokeo yaliyohifadhiwa mechi kwa mechi kwa zaidi ya miaka 20. Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, swali hilohilo lina sura yake ya nyumbani. Huko husemwa, mara kwa sifa na mara kwa wivu, kwamba Mnande, mtu wa kabila la huko, huzaliwa mfanyabiashara. Kauli ya Mkorea na mchezo na kauli ya Mnande na duka zina umbo moja, na kosa lake ni moja.

StarCraft ilitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwezi Machi 1998. Ni mchezo wa vita: mchezaji huchimba madini, hujenga kambi, huunda jeshi na kumsaka adui, yote kwa wakati mmoja. Tofauti na bao au dama, hakuna zamu. Anayefikiri polepole hukuta jeshi limeshafika mlangoni. Korea Kusini wakati huo ilikuwa imetoka kupigwa na msukosuko wa kiuchumi wa 1997. Watu wengi waliopoteza kazi walifungua kumbi za kompyuta za kulipia kwa saa, serikali ikasambaza intaneti ya kasi, vijana wakazijaza kumbi hizo. Punde mechi zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni, na mwaka 2000 likaundwa shirikisho la kusimamia wachezaji wa kulipwa.

Mwaka huohuo lilitokea jambo ambalo wanaosifu damu ya Kikorea hulisahau. Ligi kuu ya televisheni ya Korea ilichukuliwa na Guillaume Patry, kijana wa Quebec nchini Kanada. Wakati ule kila mchezaji alijifunza kivyake, na Mkorea hakuwa na kitu ambacho mgeni alikikosa. Kitu hicho kilikuja baadaye: nyumba ya timu. Makampuni kama Samsung, SK Telecom na KT yalidhamini timu, na vijana wakawa wanalala, wanakula na kufanya mazoezi chini ya paa moja, saa kumi au kumi na mbili kwa siku, kocha akiwa nyuma ya kiti. Chipukizi asiye na jina alipewa kazi ya kumwiga mpinzani wa wiki ijayo, ili nyota wa timu aizoee michezo yake kabla ya siku yenyewe. Mwaka 2007 hata jeshi la anga liliunda timu, ili wachezaji wanaotumikia jeshi kwa lazima wasiache mazoezi. Hadi ligi ile ya mchezo wa kwanza ilipofikia mwisho 2012, hakuna mgeni mwingine aliyeitwaa.

Toleo la pili, StarCraft II, lilitoka 2010, na mambo yakajirudia: fainali za dunia za kampuni ya Blizzard kuanzia 2012 hadi 2017 zote zilikwenda kwa Wakorea. Hapo maelezo ya kikabila yakapata soko. Mkorea ana mikono myepesi. Mkorea amelelewa kuwatii wakubwa. Mafundisho ya Confucius yamempa uvumilivu. Mzungu, kwa upande wake, alisemwa kuwa mbunifu ila mvivu. Kila ushindi wa Mkorea ulihesabiwa kuwa ushahidi, na kila alipoangushwa ikasemwa ni bahati tu.

Hiyo mikono myepesi inafaa kuangaliwa kwa karibu. Anayecheza upande wa Zerg, mojawapo ya majeshi ya mchezo huu, ana malkia ambaye lazima aamriwe kurutubisha kiota kila baada ya sekunde 29 hivi, la sivyo askari wapya hawazaliwi kwa wingi. Viota vikifika vitatu au vinne, kazi inazidi mara tatu au nne. Amri yenyewe ni kubonyeza vitufe viwili vitatu, na mtoto anaweza kuitoa. Kigumu ni kuitoa bila kukosa kwa robo saa, huku vita vinapiganwa pembe mbili za ramani kwa pamoja. Aliyesahau mara moja haoni hasara papo hapo. Huiona dakika mbili baadaye, jeshi lake likiwa pungufu, asijue lilipungukia wapi. Aristotle angeutambua ustadi wa namna hii. Kwake yeye mtu hazaliwi na uhodari, wala uhodari haupingani na maumbile yake. Hupatikana kwa kulirudia tendo mpaka liwe tabia. Na kurudia kunataka muda, mtu wa kukukosoa, na tumbo lisilo na njaa.

Ulaya ilibishana juu ya tabia za mataifa kwa ukali katika karne ya 18. Mwaka 1748 Montesquieu, Mfaransa, alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya sheria, akiipa hali ya hewa uzito mkubwa: joto hulegeza watu, baridi huwakaza. Mwaka huohuo David Hume wa Uskoti alitoa insha ya kupinga maelezo ya aina hiyo. Alionyesha kwamba askari hufanana na askari na padri na padri, nchi yoyote watokayo, kwa hiyo tabia huletwa na kazi, serikali, utajiri au umaskini, na watu kuigana, si hewa wanayovuta. Hoja hiyo ni nzuri, na kwa StarCraft ingetosha. Lakini miaka michache baadaye Hume huyohuyo aliongeza tanbihi iliyowatoa watu weusi nje ya hoja yake, akidhani kwamba wao ni duni kwa maumbile. Baadhi ya wanaomtetea huiona tanbihi hiyo kama doa dogo. Si dogo. Mtu aliyekwisha kuifukuza nadharia ya damu aliirudisha mara tu alipowafikia watu ambao maisha yao hakuyafahamu. Ndivyo inavyokwenda mpaka leo: aliye karibu huelezwa kwa mazingira yake, aliye mbali huelezwa kwa damu.

Turudi kwenye StarCraft. Tarehe 3 Novemba 2018, katika fainali za dunia za Blizzard mjini Anaheim, California, Mfini Joona Sotala, anayejulikana kwa jina la Serral, alimshinda Mkorea Kim Dae-yeob, yaani Stats, michezo minne kwa miwili. Akawa mtu wa kwanza asiye Mkorea kutwaa fainali hizo. Hakulelewa katika nyumba ya timu ya Seoul. Mchezo aliujua nyumbani kwao Finland, akimtazama kaka yake. Mwaka 2021 Mwitaliano Riccardo Romiti alitwaa ubingwa wa dunia, mwaka 2023 ukaenda kwa Mchina Li Peinan, na 2024 ukarudi kwa Serral.

Kati ya 2017 na 2018 damu ya Wakorea haikubadilika. Kilichobadilika ni kile kilichoizunguka. Kashfa za kupanga matokeo, ya kwanza 2010 na nyingine miaka michache baadaye, ziliwachafulia jina wachezaji na kuwapa wadhamini hofu. Ligi ya timu ilifungwa Oktoba 2016 na nyumba nyingi zikafungwa nayo. Vijana waliendelea kuitwa jeshini, lakini nyuma yao hapakuwa tena na chipukizi wa kuchukua nafasi. Ulaya nako, kuanzia 2015, kanuni zilizowataka wachezaji wa mashindano ya kanda waishi katika kanda hiyo ziliwaachia Wazungu fedha za kujikimu bila kuporwa na Wakorea wa safari. Rekodi za mechi za Seoul zikawa zinatazamwa usiku uleule mjini Paris au Helsinki. Nyumba ya timu ilikuwa imeingia ndani ya mtandao.

Kuna pingamizi moja la haki. Vijana wengi wa Ulaya walikuwa na intaneti ileile na rekodi zilezile, na bado Serral ni mmoja. Taasisi hueleza kwa nini mabingwa hutoka upande fulani katika miaka fulani. Haielezi kwa nini awe fulani na si jirani yake. Sehemu hiyo iliyobaki ni ya mtu binafsi, na hata aliye mkali dhidi ya nadharia ya damu hana budi kuikubali. Asichoweza kukubali ni kuigawa sehemu hiyo kwa taifa zima kana kwamba ni posho.

Afrika ililipitia swali hili la kipaji cha pamoja kwa njia yake. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji wa Katanga, alitoa kitabu kilichodai kwamba Wabantu wote wana falsafa moja, iliyo hai ndani yao bila wao wenyewe kuweza kuieleza. Wengi waliufurahia ukarimu wake, kwani wakati ule kukubali tu kwamba Mwafrika ana falsafa lilikuwa jambo kubwa. Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha 1976, aliukataa ukarimu huo. Kwake, anayefikiri ni mtu mwenye jina, anayebishana na wenzake na kujibu hoja zao, kabila halifikiri. Kusifiwa kwa kipaji cha pamoja kunamnyang'anya mtu kazi yake mwenyewe. Serral na Stats wangemwelewa vizuri, hasa Stats, ambaye ushindi wake wote ulikuwa tayari umeandikwa kwenye hesabu ya taifa.

Butembo ndipo hoja hii inapopata mizigo na vumbi. Tangu Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), alipotangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire, na serikali ikazidi kuzitelekeza barabara, wafanyabiashara Wanande walijijengea njia zao. Janet MacGaffey, mwanaanthropolojia, alieleza mwaka 1987 jinsi walivyoendesha biashara ya mboga na maharage kutoka Kivu hadi Kisangani. Baadaye njia ikageuka kuelekea mashariki: bidhaa za Dubai na Guangzhou hushushwa Mombasa, hupita Malaba na Kampala, huvuka Mpondwe na Kasindi, hupanda hadi Butembo. Mfanyabiashara mdogo asiyeweza kujaza kontena huweka marobota yake ndani ya kontena la mwingine. Hakuna mahakama atakayokimbilia mzigo ukipotea. Anayepokewa ni yule ambaye ukoo wake, kanisa lake na deni lake la mwisho vinajulikana. Kijana huanza kwa kubeba na kuhesabu mizigo ya mjomba, kisha hutumwa mpakani, kisha hukopeshwa robota lake la kwanza. Hiyo ndiyo nyumba ya timu ya Butembo, na kama ile ya Seoul, inaweza kujengwa na inaweza kubomolewa.

Wengine husema si damu bali dini, wakifuata ile hoja ya Max Weber juu ya Uprotestanti na ubepari. Ni kweli kwamba Wabatisti wana mizizi mirefu katika eneo hili, na kwamba Kanisa Katoliki limekuwa mjenzi: Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa Butembo 1989, wakati wa uaskofu wa Emmanuel Kataliko. Lakini jimbo la kikatoliki ni moja, Butembo-Beni, na mji wa Beni uko kilomita 54 hivi tu kaskazini. Watu wengi wa huko ni Wanande walewale, wanasali sala zilezile na wanalima ardhi yenye kahawa na kakao nzuri. Tena Beni uko karibu zaidi na Kasindi. Hata hivyo, tangu Oktoba 2014 mauaji ya halaiki yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafukuza wakulima mashambani, barabara zikawa za kupitwa kwa misafara, na mavuno ya kakao yakawa wakati wa kuogopwa. Upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda, Wakonzo wa Kasese ni ndugu wa Wanande kwa lugha na asili, na hawakupata sifa ya makontena. Kama damu ndiyo ingekuwa sababu, miji hii mitatu ingefanana. Kama dini peke yake ndiyo sababu, Beni ingekuwa sawa na Butembo.

Kwa waumini wa Butembo na Beni swali la kipaji huishia kwenye mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, unaohubiriwa sana mbele ya wafanyabiashara. Bwana anasafiri, anawaachia watumishi wake fedha kwa viwango tofauti, kisha anarudi kudai hesabu. Jambo moja liko wazi tangu mwanzo: fedha si zao. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho, alikata mzizi wa majivuno kwa kuuliza ni nini alicho nacho mtu ambacho hakupewa. Hilo linamhusu tajiri wa Butembo kama linavyomhusu bingwa wa Seoul, kwani nyumba iliyomlea ilisimama kabla yake.

Ila mahubiri mengi humkimbilia mtumishi wa tatu, aliyefukia talanta yake, na kumwita mvivu. Katika mfano, bwana anamwambia kwamba angalau angeweka fedha kwa watu wa kukopesha akapata faida. Kwa maneno mengine, mfano unachukulia kwamba soko liko wazi na kwamba mtu anaweza kulifikia akarudi salama. Mtumishi yule alikuwa na njia, akamwogopa bwana wake. Mkulima wa Beni anayeacha kakao ioze mtini kwa sababu shamba liko nje ya mji hamwogopi bwana wake. Anawaogopa watu wenye mapanga walioko njiani, na hukumu ya mfano ule haimgusi.